Mguu Ulioachiwa

Kule Juybar, mji wa wanamieleka kaskazini mwa Iran, mwanamume mwenye masikio mazima huulizwa utotoni alikuwa anaumwa nini. Masikio ya Hojat Ramezani yalisagika akiwa na miaka kumi na minne, kwa kusuguana na vichwa vya wenzake mkekani, na tangu hapo mji ulimhesabu kuwa mtu. Baba yao alifariki mapema, akaacha shamba la mpunga, mjane na watoto wawili wa kiume. Hojat ndiye aliyemshika mkono mdogo wake Meisam na kumpeleka ukumbini siku ya kwanza, akamfundisha kukamata mguu wa mpinzani na kutouachia hata dari ianguke.

Mieleka ilimpa Hojat kidogo ikamnyima kingi. Alipata medali moja ya shaba ya Asia, kule Almaty, akiwa na miaka ishirini na minne. Baada ya hapo alikosa mara tatu nafasi ya kwenda mashindano ya dunia: mara bega, mara mwamuzi, mara mtu wa mji wa Kermanshah ambaye kusema kweli alimzidi tu. Alipofika thelathini na mbili, kila mtu alijua huo ndio mwaka wake wa mwisho. Ubaya ni kwamba Meisam, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa na uzito uleule wa kilo sabini na nne, na alikuwa moto wa kuotea mbali.

Mchujo ulikuwa Tehran, na nafasi ilikuwa moja. Mama yao, Golbahar, aliwapitisha wote wawili chini ya msahafu mlangoni, akamwaga maji nyuma ya gari ili warudi salama, akarudi ndani asijue amwombee nani. Njiani hawakula kitu, kwa sababu ya kupimwa uzito. Walitafuna barafu wakataniana.

"Kaka, magoti yako yanalia kama mlango wa choo cha shule."

"Kesho yatakulia shingoni."

"Haya, mzee wangu. Usije ukaomba maji tu."

Wote wawili walifika fainali, na hakuna aliyeshangaa. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini, Meisam alikuwa mbele kwa pointi moja, na mguu wa kushoto wa kaka yake ulikuwa mikononi mwake. Alichotakiwa ni kuushikilia tu. Hojat alikuwa amekwisha, anahema kama ng'ombe mgonjwa. Macho yao yakakutana. Ndipo Hojat alipohisi vidole vya mdogo wake vikilegea, kimoja baada ya kingine.

Angeweza kusimama pale pale. Hakusimama. Alizunguka nyuma yake, akamlaza, akachukua pointi mbili, na muda ukaisha. Meisam akambusu begani mbele ya watu wote.

"Umestahili, kaka. Mimi nina mwaka ujao."

Kwenye mashindano ya dunia, kule Budapest, Hojat alipangiwa kijana wa Georgia ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkolea. Alishindwa kumi kwa sifuri, tofauti inayomaliza pambano, kabla ya dakika mbili kutimia. Kazi ya miaka ishirini na mitatu iliishia hapo, asubuhi, watazamaji wengine wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Kocha alimpa taulo.

Mwaka ujao haukuja. Majira yale ya baridi kano za goti la Meisam zilikatika mazoezini. Walimpasua mara mbili, na hakukanyaga mkeka tena. Kwa kinyozi wao kuna picha ya Hojat akiwa na jezi ya taifa, na wageni huambiwa huyu alifika mashindano ya dunia. Hojat alihamia kwa kinyozi mwingine.

Alikaa na jambo lile kifuani miaka sita, likimla. Siku moja ya kupandikiza mpunga, wamekaa kwenye tuta wanapumzika, alishindwa kuendelea kulimeza.

"Meisam. Siku ile Tehran uliniachia mguu."

Meisam alimmiminia chai kabla ya kujimiminia mwenyewe. "Jasho, kaka. Ulikuwa unateleza kama samaki."

"Usinidanganye. Nilihisi vidole vyako."

Meisam aliliangalia goti lake bovu alilolinyoosha majini. Hakupandisha sauti.

"Kama ulihisi, mbona ulichukua pointi?"

Hojat aliweka kikombe chini. Alitamani mdogo wake amtukane, amsukumie matopeni, amfanye lolote. Lakini Meisam alikuwa tayari ameinamisha kichwa, uso umemwiva kwa aibu.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nimekukosea adabu."

Akamsogezea sukari.