Maua ya Ndani ya Miiba

Masika yakianza, mimi na mama mdogo hushuka njia ya korongo, kule chini ya Kiabakari, kutazama maua. Ni mekundu, makubwa kama ngumi. Zamani alikuwa akienda na mumewe. Siku hizi mwenzake ni mimi. Mwaka huu nilisingizia kazi za Musoma, lakini mama mdogo haambiliki. Tukashuka, yeye mbele, mimi nyuma nikijichukia kila hatua.

Kwetu kila mtoto anajua: miiba iliyokatwa na kulazwa chini imefunika shimo la dhahabu lililoachwa. Huigusi. Mbuzi nao huiogopa, ndiyo maana maua mazuri kuliko yote huota humo humo ndani.

Miaka mitatu iliyopita nilipita hapo peke yangu. Nilitaka picha moja tu. Nikaivuta miiba pembeni, nikapiga, nikafurahi kama mjinga. Nilijiambia nitairudisha wakati wa kurudi, kisha nikarudi kwa njia nyingine.

Kesho yake baba mdogo, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alishuka kutafuta ndama. Nyasi zilikuwa zimeficha mdomo wa shimo. Walimtoa jioni kwa kamba, amekwisha kufa. Kijiji kizima kiliwalaani wachimbaji kwa kuliacha wazi, na mimi nililaani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa shimo limefukiwa. Pamebaki udongo mtupu, hakuna hata ua moja. Tuliposimama hapo nilisikia ndama akilia, naapa. Nikageuka. Hapakuwa na ng'ombe korongo zima, na mama mdogo hakusikia kitu.

“Hapa palikuwaga na maua mengi,” akasema. “Baba yako mdogo alikuwa anayapendaga sana. Na wewe unapigaga picha kila mahali. Hukuwahi kupiga ya hapa, kabla ya ile siku? Nataka niiweke pale sebuleni, karibu na picha yake.”

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Picha imo, nimeshindwa kuifuta. Maua yamejaa, na chini pembeni unaonekana mkono wangu wa kushoto umeshika tawi la miiba.

“Sina, mama.”

“Haya, basi,” akasema. Mawe ya mtoni yalikuwa yanateleza. Akanishika mkono ule ule, tukavuka.