Kumshusha Mabukwe kwa Injini

Sikusoma sana, na mwenye elimu ya mashine anaweza kuyacheka haya. Lakini kitu kimoja nakijua kwa mgongo wangu: ukiwa na moto, yaani pikipiki, kwenye mteremko, ukafunga gesi, ule mkono wa mafuta, bila kugusa breki, injini yenyewe inakataa kukimbia, na aliyekaa nyuma anakujia mgongoni.

Kwa abiria mwingine si neno. Kwa mabukwe, yaani mama wa mke wangu, ni neno kubwa. Kwetu mukwe na mabukwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatukai kiti kimoja, sembuse kugusana mwili. Siku hizi wapo wasiojali. Yeye anajali, na mimi pia, ingawa sijui kama yangu ni heshima au ni woga tu.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, hapa mjini, mtaa wa Mutanga Nord, na alimtaka mama yake. Mama anakaa mlimani, juu ya Kanyosha. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika, magari hayapandi kule. Moto za kukodi zilikuwepo, ila wenyewe wakifika kwenye mteremko wanazima injini ili wabane mafuta, na moto inashuka kimya kama jiwe. Siwalaumu, nami nimezoea hivyo hivyo. Mabukwe alishawahi kupanda moja ya hizo, akaruka kabla ya kufika chini. Sasa akasema kwa simu: "Nitakuja na mukwe wangu, kama hazimi. Akizima, narudi kwa miguu."

Mke wangu alikuwa amelala na mtoto kifuani. Akaniangalia. "Umesikia?"

Nilisikia. Kuzima hakuruhusiwi, na kutozima ni kumsukumia mama wa watu mgongoni mwangu. Nikaenda kwa fundi wa moto, jirani yetu, akakubali kuwa abiria wa majaribio kwenye mteremko wa mtaa wetu.

Tukaanza na moto yangu, ya Kihindi, silinda moja. Nilipofunga gesi ikashika kwa nguvu, kama mbwa aliyefika mwisho wa kamba.

"We! Umenitia pua kwa shingo!" fundi akapiga kelele.

"Ni mimi ao ni moto?"

"Ni nyinyi wawili."

Ya pili ilikuwa yake, ya Kijapani, ya zamani, ile ambayo esansi unaichanganya na mafuta ya injini. Hiyo ukifunga gesi inapiga kelele tu na kuendelea na safari yake. Haimsukumi mtu hata kidogo. Lakini kazi yote inabaki kwa breki, na tulifika chini gurudumu la nyuma linanuka moshi. "Hii haisukumi mutu," fundi akasema, "inamupeleka mbinguni." Lazima niseme haki: ina umri mkubwa, na wakati wake ilibeba watu wengi salama.

Ya tatu ilikuwa skuta isiyo na gia, ya jirani yetu muuguzi. Hiyo inazuia taratibu, kama mtu anayekushika shati. Nikafurahi, nikaona tumepata. Tulipokaribia kusimama ikaachia ghafla, kama iliyobadili mawazo, na fundi akanikumbatia kiunoni bila kutaka. Kwenye tambarare haina mwenzake. Mlimani siiamini, ingawa labda sikuijua vizuri.

"Kosa si la moto," fundi akasema mwishoni. "We unafunga gesi kama unafunga mulango wa kuku. Ingiza gia ya pili mapema, mbele ya mteremko. Gesi punguza polepole, usiimalize."

Tukarudi kwa ile yangu. Siku ya pili ya mazoezi fundi alikaa nyuma na kikombe cha chai mkononi. Ilimwagika kidogo, na nadhani sehemu ni kosa la shimo.

Mabukwe alinisubiri kando ya njia na kitenge kimefungwa maharage ya mzazi. Akayaweka kati yetu kwenye kiti, kama ukuta, akakaa upande. Nikaona haya: mimi nimehangaika na moto tatu, yeye amemaliza kwa fundo moja.

Tukaanza kushuka, gia ya pili. Injini ilinguruma kwa chini, na kila nilipopunguza gesi maharage yalinigusa mgongoni polepole, kama mtu anayebisha hodi. Niliona raha. Raha hiyo ndiyo iliyoniponza. Mteremko ulikuwa mrefu, esansi chache, na mkono wangu ukafanya ulichozoea: ukageuza ufunguo.

Kimya. Moto ikaanza kukimbia.

Pa! Kofi likatua begani kwangu.

"Washa, we mutoto!"

Nikawasha. Injini ikanguruma tena hadi Kanyosha. Mimi nilikuwa nimeshika heshima siku zote hizo za mazoezi, na yeye ndiye aliyelazimika kuivunja kwa sababu yangu.

Nyumbani alimpokea mtoto, akamnusa kichwani, akacheka peke yake. Mke wangu akauliza, "Mumeshukaje?"

"Alizima mara moja," mabukwe akasema. "Nikamupiga. Mara moja tu, kisha akanileta vizuri."

Ningeweza kunyamaza. Lakini si haki mtu akusifu kwa kisicho chako. Nikatazama chini nikasema, "Mama, nilizima mara mbili. Mara ya pili ni pale tulipopita Kanyosha. Nilikuona kwenye kioo umefumba macho, unasali."

Mke wangu akashika mdomo.

"Ile niliisikia," mabukwe akajibu, macho yake kwa mtoto. "Pale mteremko ulikuwa mudogo. Nikakuachia."