Ndege Iliyonipita Kitendaguro

Msicheke kabla sijamaliza, maana nikikumbuka siku ile bado nashikwa na moto kifuani, na sijui nimkasirikie nani zaidi, mwalimu wangu wa jiografia au mimi niliyejidai nimemwelewa.

Mume wangu alikuwa kazini Mwanza tangu mimba yangu haijaonekana, akapata nafasi ya kusoma Uingereza, miaka mitatu mizima, na ndege ya kumpeleka Entebbe ingetua Bukoba kidogo tu, kushusha watu na kupakia wengine. Akatuma neno: nileteeni mtoto uwanjani nimshike kabla sijaenda. Tunaondoka Mwanza saa tatu asubuhi.

Basi mimi, msomi wa kijiji chetu cha Ijumbi (ndivyo walivyoniita, nami nikapenda), nikatoa ramani yangu ya shule, nikalaza uzi juu ya barabara kama mwalimu alivyotufundisha, Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita hadi Mwanza, kila kona nikaifuata, nikapima maili, nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikawatangazia wote, "Haifiki kabla ya saa sita."

Tukapanda lori alfajiri, mimi, mama mkwe na mtoto, tukafika Kitendaguro, pembeni mwa mji wa Bukoba, kwa shangazi mapema mno, nikasema tumwogeshe mtoto, nasi tule ndizi kwa raha. Nikiwa nampaka mafuta, ngurumo ikapita juu ya migomba. Mama mkwe akainuka, tonge mkononi.

"Mukamwana, si ndiyo hiyo?"

"Kaa, mama. Hiyo ni ya watu wengine. Yetu sasa hivi iko Geita."

(Mawe, mama yangu wee! Nilisema hivyo, tena kwa kubinua mdomo.)

Tulipofika uwanjani, tumependeza kama siku ya ubatizo, watu walikuwa wanarudi. Nikamsimamisha mzee mmoja wa kanzu, muuza vitambaa mjini, nikamwuliza ndege ya Mwanza imechelewa nini.

"Imekuja na imekwenda, binti yangu."

"Haiwezekani! Barabara yote ile?"

"Barabara gani? Imekatiza ziwani. Ulitaka ipite Biharamulo ikapakie mihogo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kama mume wangu ni yule mrefu mwenye koti la kijivu. Nikasema ndiye.

"Basi alinijia kwa nyuma, akamchomoa mwanangu mgongoni, akamkumbatia, akalia, 'Mwanangu, mwanangu!' Nikapiga kelele. Akaniomba radhi, maskini, akabaki anachungulia kila mtoto aliyebebwa mpaka walipomwita kupanda."

Kicheko kikakatika. Nikakaa kwenye nyasi na gauni langu jeupe, mtoto ananing'ang'ania shingoni ananukia mafuta.

Mama mkwe hakunifokea, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mwanangu amelilia mtoto wa watu," akatangulia kurudi.

Siku atakayorudi sitauliza saa wala maili. Nitalala palepale uwanjani siku mbili kabla, mtoto nimempakata mbele, hata akiwa mzito kama gunia la kahawa, na atakayecheka atanitambua.