Sauti ya Mwatumu, Maneno ya Wengine

Jioni hii foleni ya wazazi inafika hadi mlangoni. Mwatumu Hatibu ameketi pembeni ya ukumbi wa bodi ya shule, kipaza sauti kikikaribia kumgusa kidevu. Mama mmoja anaeleza kwa Kiswahili jinsi mwanawe anavyorudi nyumbani na njaa. Mwatumu anasubiri atue, kisha anawageukia wajumbe na kusema kwa Kiingereza: "Mwanangu anarudi na njaa."

Hasemi "mwanawe". Ndiyo kanuni ya ukalimani: mzungumzaji akisema "mimi", naye husema "mimi".

Mwatumu, mzaliwa wa Muheza, Tanga, mchana hutunza wazee huko Rockville, Marekani. Jioni za mikutano huwatafsiria Wakenya, Watanzania na Wakongo wa kitongoji chake, jimboni Maryland.

"Kila mtu anakuja na Kiswahili chake," anasema. "Watoto, huyu huwaita batoto, yule watoi. Lazima nivijue vyote."

Mwaka jana kazi hiyo ilimponza. Bodi ilipendekeza watoto wa maghorofa anamoishi waache shule waliyoiendea kwa miguu, wahamie nyingine ng'ambo ya barabara kuu. Mwanawe alikuwa miongoni mwao. Mwatumu aliijulisha ofisi kwamba jambo hilo linamgusa, lakini hakukuwa na mkalimani mwingine. Akaketi kwenye kiti chake.

Mzee Njuguna, babu kutoka Nyeri anayelea mjukuu, akatoa maoni kwa simu. "Mimi naunga mkono hii mpango. Shule imejaa, mjukuu wangu anasomea kwa trela, ile nyumba ya magurudumu, huko nyuma. Wacha aende kwenye kuna nafasi."

Mwatumu akayasema yote. Kumbe matangazo ya mkutano mtandaoni yalirusha sauti ya Kiingereza peke yake. Binti wa jirani yake, Mama Nsimire kutoka Bukavu, akamwona Mwatumu kwenye simu yake akisema anaunga mkono, akampasha mama yake habari.

Kesho yake walikutana kwenye chumba cha kufulia. Mama Nsimire hakuitikia salamu.

"Weye ndjo ulisema batoto betu baende," alimwambia.

"Si mimi, dada. Ni mtu niliyekuwa namtafsiria."

"Sauti ni yako."

Habari zikaenea. Kina mama waliozoea kumwachia watoto wakatafuta kwingine. "Nilitaka kuiacha kazi," anasema Mwatumu. "Unapita kwenye korido, watu wanashusha macho."

Mzee Njuguna alizisikia kanisani. Jumapili hiyo hiyo akaenda na fimbo yake hadi mlangoni kwa Mama Nsimire, Mwatumu akiwa naye.

"Mama, hayo maneno ni yangu," alisema. "Kama umekasirika, kasirikia mimi."

Mama Nsimire aliwakaribisha chai. Kuhusu shule hawakukubaliana hata kidogo. Mzee alipoondoka, Mama Nsimire akamgeukia Mwatumu.

"Na miye nikisema, utasema yote?"

"Yote, dada. Hata ukinitukana."

Mkutano uliofuata Mama Nsimire alikwenda. "Ile barabara haina fasi ya kuvukia," aliwaambia wajumbe. "Munataka batoto bapite wapi?" Mwatumu akaliuliza swali hilo kwa Kiingereza, kwa ukali ule ule.

Bodi ikapiga kura: watoto watahama, lakini wapewe basi. Mjukuu wa Njuguna akapata darasa ndani ya jengo. Mama Nsimire hakufurahi, ila salamu zilirudi.

Na Mwatumu, yeye alikuwa upande gani?

"Nilikuwa napinga," anasema. "Nilipomsemea mzee, nilihisi namhamisha mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini ningelegeza neno moja tu, nani angeniamini tena?"

Sasa ameiomba bodi irushe pia sauti ya Kiswahili mtandaoni. Tangu Januari amekuwa akimfundisha ukalimani Jeptoo, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya juu yake.

Mwezi ujao wajumbe watajadili iwapo basi hilo liendelee. Jeptoo ndiye atakayeketi mbele ya kipaza sauti. Mwatumu ameshajiandikisha kuzungumza, kama mzazi, na amechagua kuzungumza Kiswahili.

"Nataka majirani wanisikie wenyewe," anasema.