Nilisema Ni Ndoto

Siku ya nane baada ya kumzika Mutheu, Bosi aliniwekea flashi ya muvi mkononi akasema, "Leo rudia ile ya mama wa shimoni. Watu wa soko waliipenda. Na pale mwisho akiamka, ongeza kicheko kidogo."

Nilimwangalia. Alikuwa anatafuna njugu.

"Bosi, Mutheu amekufa hivyo hivyo," nikamwambia. "Kwa shimo. Ulikuja matanga, ukakaa mbele, ukala."

"Ndiyo maana watu wanahitaji kucheka. Mama Mumo, biashara haikai matanga."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Nilichukua maiki. Nitasema nilichofanya nayo, lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu kuna wasichana wamemaliza fomu foo, wanasikia sauti zetu kwa spika na kudhani ni kupiga domo tu. Nimeifanya miaka sita. Nina miaka ishirini na nane na tayari nimestaafu. Wengine hustaafu wakapewa saa ya ukutani. Mimi nimebaki na nakala ya barua yenye muhuri.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kitui mjini, kwenye banda la video nyuma ya soko. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbooni na cheti changu ndani ya bahasha, nikitafuta kazi ya kuuza dukani. Bosi hakukifungua hicho cheti. Aliwasha muvi ya Kihindi, akaniambia nisome kwa sauti yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, nikiyageuza Kiswahili.

"Haraka," akasema. "Haraka zaidi. Asi! Huyu anasoma kama redio. Kesho uje."

Aliyenifundisha ni mzee tuliyemwita Fundi. Alikuwa na sauti ya mhubiri wa mkutano wa hadhara, lakini macho yake hayakuweza tena kukimbizana na maandishi, kwa hiyo vingi alikuwa anavitunga. Alinifundisha kunyonga, yaani kushusha sauti ya muvi kwa mkono wa kushoto kabla hujafungua mdomo, kisha kuiachilia bunduki zikilia. Alinifundisha kuvaa, yaani kumpa kila mtu sauti yake, mzee koo, mtoto pua, mama mkwe meno. Akanifundisha kukata majina. Yale majina marefu ya mwanzo na ya mwisho unayarusha, muvi inaanza kwa ngumi na kuisha kwa ngumi.

"Nani amekuja hapa kusoma majina ya Wahindi?" Fundi alisema.

Na kulikuwa na sheria moja ya Bosi iliyopita zote: watu wasitoke kimya. Wakitoka wanacheka, watarudi. Wakitoka wanabishana, watarudi. Wakitoka kimya, umeua soko. Muvi ikiisha vibaya, wewe mwenye maiki uitengeneze.

Mimi majina sikuyakata nikiwa peke yangu. Kila asubuhi lazima upitie muvi ya mchana, ndiyo usishtukizwe mbele za watu. Nilikuwa nakaa bandani na spika zimefungwa, na baadaye Mumo wangu alipozaliwa nilikuwa napitia huku ananyonya. Nikaziacha zile herufi zao zipite, herufi zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba. Sijui kuzisoma. Lakini kuna jina moja lililokuja peke yake, la mwisho kabla ya hadithi kuanza. Herufi ya kwanza ilifanana na kiti kilichovunjika mguu, na ya mwisho ilikuwa kama wayo wa kuku. Nililiona kwa muvi ya harusi. Nikaliona tena kwa muvi ya pepo. Nikafikiri nimekosea.

Ile ya harusi tulicheka mpaka mtu akaanguka na benchi. Babu wa bwana harusi anapoteza meno ya bandia ndani ya sufuria ya wali, na koo mbili zinakula kwa woga, kila mtu akitafuna pole pole. Ile ya pepo haina damu hata tone. Ni marehemu mke ambaye kila alfajiri anarudi kuosha vyombo vya nyumba ile. Basi. Vyombo vinagongana jikoni na mume amekaa kitandani anasikiliza. Wanaume wa Kitui wenye shingo nene walitoka wakitazama nyuma. Kisha ikaja ya majambazi, magari yakiruka juu ya reli, na stelingi ni mchechemeaji. Kisha ya mzee wa posta anayeanza kusahau, anayepeleka barua kwa kijiji kilichohamishwa zamani, anazisukuma chini ya milango ambayo haipo.

Kiti kilichovunjika na wayo wa kuku, zote nne.

Nikamwambia Fundi kwamba hizi zimetengenezwa na dairekta mmoja. Akanicheka.

"Mwanangu, haiwezekani. Ni kama kusema yule fundi wa majeneza ndiye anaoka keki za harusi."

"Kwani fundi wa majeneza hawezi kuoka keki?"

"Anaweza. Lakini nani ataila?"

Nikamwonyesha. Huyu mtu alikuwa na tabia moja. Jambo baya likifika, haonyeshi uso wa mtu. Anaonyesha mikono. Kwa harusi, bibi harusi anapojua anaozwa kwa mwingine, unaona mikono yake ikiendelea kuchambua wali. Kwa majambazi, mchechemeaji anapigwa risasi, na kamera inakaa kwa vidole vyake vinavyotafuta kifungo cha shati. Fundi aliinama karibu na skrini. Akaniomba nirudishe. Akasema, "Sasa huyu ni fundi." Kutoka siku hiyo tulikuwa tunatafuta jina lake kwa kila flashi mpya, kama watu wanaotafuta ndugu kwenye orodha ya walionusurika.

Nilimpenda dairekta huyo. Hatawahi kunijua, na jina lake siwezi kulitamka. Lakini mtu anayeweza kukuchekesha leo, kesho akakunyima usingizi, keshokutwa akakufanya umpigie baba yako simu, huyo anakuheshimu. Anakuona una zaidi ya chumba kimoja ndani yako. Bosi alituona sisi sote kama chumba kimoja chenye mabenchi.

Baadaye nilihamishiwa Nuu. Bosi alikuwa amefungua banda la pili huko, kwa sababu malori yake mawili yalikuwa yanazoa mchanga kwenye mto hapo karibu. Fundi alikataa kwenda, akasema kifua chake hakitaki vumbi. Nikaenda na Mumo mgongoni.

Mutheu ndiye alikuwa ananishikia mtoto nikiwa kwenye maiki. Alikuwa mwenzangu wa umri, ana watoto watatu, mkorofi wa mdomo. Siku ya soko mchana banda lilijaa: wachuuzi wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki walikaa mbele na kudai ya majambazi, kina mama wa kanisa walikaa nyuma na kudai ya harusi, na Mutheu akasimama mlangoni amembeba Mumo, akiwapangia foleni. "Nyinyi wa mbuzi, leo ni zamu ya mbingu," anawaambia. "Kaeni muokoke."

Kisha ikaja ile ya tano ya dairekta wetu.

Nilipoipitia asubuhi sikuamini. Haikuwa na wimbo wala mbio. Ilikuwa mto mkavu, kama wetu kabisa. Wanawake wameshuka ndani ya shimo walilochimba mchangani, wanachota maji kwa kikombe, mmoja chini, mwingine akipokea juu. Upande wa juu wa mto malori yanachimba. Bibi mmoja mzee anawaambia, na maandishi yalipita chini nikayasoma wazi: lori likichimba karibu na shimo lenu, msiingie tena, hata ukuta ukiwa na unyevu, kwa sababu nyuma yake pamebaki patupu. Hawamsikilizi, maana shimo lingine liko mbali. Mmoja anashuka. Ukuta unaanguka. Huoni uso. Unaona mkono mmoja juu ya mchanga, bado umeshika kikombe. Imeisha.

Bosi alikuwa ameingia bila mimi kujua. Alisimama nyuma yangu.

"Hiyo huwezi kuwaonyesha hivyo," akasema.

"Basi tuweke nyingine."

"Hapana. Wameshaona tangazo, wameona mto, wanaitaka. Pale kwa yule bibi mzee, weka utani. Anamtafutia mjukuu mke. Na mwisho, sema ni ndoto. Ameamka."

"Maandishi hayasemi hivyo."

"Kuna mtu hapa anasoma hayo maandishi isipokuwa wewe?"

Hakukuwa. Huo ndio ukweli wa kazi yetu. Watu mia ndani ya banda, na anayejua kilichosemwa ni mmoja.

Nilikubali. Sitasema nililazimishwa. Nilikuwa na mtoto na nilitaka kazi. Mchana nikavaa sauti ya yule bibi, nikamfanya aulize kama mjukuu wake anataka mke mnene au mwembamba. Banda likalipuka. Pale mwisho, mkono ulipobaki na kikombe, nikasema, "Akashtuka kitandani, kumbe ni ndoto! Akamwamsha mumewe: baba fulani, nisogezee blanketi." Wakatoka wakicheka. Sheria ya Bosi ilitimia.

Mutheu hakucheka. Alinirudishia Mumo, akabaki amesimama.

"Mama Mumo, yule mama aliamka kweli?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia. Lakini ule mkono haukuamka." Akatazama upande wa mto. "Wale wa malori wamefika karibu na kisima chetu cha mchanga. Nilikuwa nataka kuwaambia wenzangu turudi kwa kile cha mbali. Halafu naona ukuta wetu una unyevu, nasema labda nina woga bure. Maandishi yalisemaje?"

Aliniuliza hivyo. Uso kwa uso. Bosi alikuwa hatua nne kutoka hapo anafunga jenereta.

"Yamesema ni ndoto, mwaitu," nikamwambia. "Ni muvi tu."

"Haya basi. Umenipunguzia safari."

Aliingia kisimani siku kumi na mbili baadaye. Waliomchimbua kwa majembe na sufuria waliniambia waliona mkono kwanza. Sikuuliza umeshika nini.

Sasa nirudi pale nilipoanzia. Nilichukua flashi, nikaiweka, nikachukua maiki. Safari hii sikumvalisha mtu yeyote sauti. Yule bibi mzee alipofungua mdomo, nilisoma maandishi neno kwa neno. Bosi akapiga hatua, akaninong'oneza, "Wewe, una wazimu?" Nikaendelea. Akatoka nje, akazima jenereta. Picha ikafa, spika zikafa, ikabaki mianga midogo ya matundu ya mabati juu ya nyuso za watu. Nikaendelea na koo langu tu. Nikawaambia mama wa shimoni hakuamka. Nikawaambia mara ya kwanza niliwadanganya, na nani aliniambia niwadanganye, na malori yale ni ya nani. Nikawaambia Mutheu aliniuliza na nikamjibu.

Mama mmoja nyuma alisema, "Mungu wangu." Watu wakainuka. Walitoka kimya, mmoja mmoja.

"Umeniulia soko," Bosi akasema mlangoni. "Chukua mtoto wako uende."

Sasa niko Mbooni kwa mama, napalilia maharagwe kwenye mteremko ambao jembe likikuponyoka linafika kwa jirani. Watu wananiuliza kama naikosa kazi. Namkosa yule dairekta. Nimefikiria sana jambo moja kumhusu. Yule mtu alijua kuchekesha. Nilimwona akifanya banda zima lilie machozi ya kicheko kwa meno ya babu. Angetaka, angemwamsha yule mama. Mtu anayejua kuchekesha akikataa kuchekesha, ujue ana sababu, na si kazi yako wewe mwenye maiki kumsahihisha. Hilo ndilo ninalowaachia mnaokuja. Kunyonga na kuvaa mtajifunza kwa wiki mbili.

Kabla sijapanda kwenda Mbooni nilipitia ofisi moja ya serikali Kitui. Karani alisoma barua yangu, akainua kichwa.

"Dada, unalalamika juu ya mchanga au juu ya muvi?"

"Yote."

"Chagua moja. Faili ni mbili tofauti."

"Basi fungua mbili, weka barua hii kwa zote."

Akagonga muhuri, akanipa nakala. Imeandikwa hivi:

KUH: MALALAMIKO JUU YA KIFO CHA MUTHEU KISIMANI, NUU

Bwana Afisa,

Ninamlalamikia mwajiri wangu wa zamani, mwenye banda la video na malori ya mchanga. Malori yake yalichimba karibu na kisima cha mchanga ambamo wanawake huchota maji, na aliendelea baada ya kuona kwa macho yake, ndani ya muvi, jinsi kisima cha namna hiyo kinavyoua. Aliniagiza nifiche onyo lililokuwa limeandikwa. Ninaomba malori yaondolewe hapo kabla mama mwingine hajashuka, na aitwe ajibu.

Ninajilalamikia na mimi. Nilisoma onyo hilo na sikulisema. Marehemu aliniuliza maandishi yalisemaje, nikamdanganya. Msiniache nje ya faili kwa sababu ni mimi niliyeileta.

Niko tayari kutoa ushahidi, na sitageuza neno.

Mwisho, ninaomba jina la Mutheu liandikwe mwanzoni mwa faili na liandikwe tena mwishoni. Kwenye kazi yetu tulikuwa na desturi ya kukata majina.

Wako mwaminifu,
Ndinda, Mama Mumo