Raba Mfukoni, Mzee Mikononi

Siku nilipoanguka na mzee wa watu mikononi, swali la kwanza kuulizwa lilikuwa hili:

"Vigae havijapasuka?"

Sitanii. Niko chali, mzee yuko kifuani kwangu, kiuno kinawaka moto, na binti wa mzee anakagua sakafu.

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani kwao. Naogesha, nalisha, nageuza, nabeba. Shule niliiacha mapema, lakini kubeba mtu najua. Miguu ikishika chini, mgongo unasalimika.

Mzee huyu alipooza upande mmoja, na ulimi ukagoma kabisa. Mzito kama gunia la saruji. Binti yake nilimbatiza Dada Kioo, maana kwenye sakafu yake ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Kila asubuhi nta, kila asubuhi kusugua.

Na sharti lake: viatu havivuki mlango. Siku moja nikamwambia, mzee akiwa kitandani anasikia:

"Dada, nambeba baba yako kwa soksi juu ya nta. Hapa kwenye mfuko wangu wa kazi nina raba mpya, hazijawahi kukanyaga nje. Niruhusu nizivae."

"Kaka, hiyo ni sheria ya baba. Tulichapwa sana kwa ajili ya viatu. Sasa hawezi kusema, ndiyo nimdharau?"

"Basi punguza nta."

"Umekuja kunifundisha usafi nyumbani kwangu?"

Peku nilijaribu. Jasho la nyayo likawa sabuni.

Nikampigia msimamizi wa ofisi yetu. "Bosi, huku nitavunjika."

"Kaka mkubwa, hapo ni kwa mteja. Nyumba yake, sheria zake. Vumilia."

Vumilia! Anayesema kakalia kiti chenye mto.

Ndipo siku hiyo namtoa mzee kitandani nimweke kwenye kiti cha magurudumu. Nimemkumbatia, namzungusha, mguu wa kushoto ukaondoka bila kuniaga. Nikajitupa chini yake, aniangukie mimi. Yeye hata mchubuko hakupata. Mimi nilitoka pale nimejikunja kama ndoano.

Nilipopata nafuu nikarudi. Usiniulize kwa nini, watoto wanakula.

Sakafu? Inang'aa vilevile.

Nikainama nimbebe. Mzee akakamata chuma cha kitanda kwa ule mkono wake mzima. Vuta, haachii.

"Baba, mwache akubebe!" Dada Kioo akamsihi.

Mzee akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu uliokuwa kitini.

Nikatoa taulo. Hapana. Nikatoa glovu. Hapana, na safari hii kwa hasira.

Nikatoa raba.

Akaangalia miguu yangu, akaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza kufunga kamba, akaachia chuma.

Mwenye sheria kaifuta mwenyewe. Dada Kioo alibaki na kitambaa chake cha nta mkononi.

Jioni msimamizi akapiga simu. "Mteja ametulia. Si nilikwambia uvumilie?"

Nikamkatia.

Ndugu yangu unayefanya kazi hii, nyumba ya mteja kwake ni nyumbani, kwako ni kazini. Mimi nililalamika huku nabeba, hakuna aliyenisikia. Mzee asiye na ulimi alikataa kubebwa, nyumba nzima ikamsikia.

Miguu isiposhika, usibebe. Kataa ungali umesimama.