Pora Huyu

Kibanda cha muuza vifaranga kilibanwa kati ya duka la misumari na meza ya mama wa mkaa. Ndani maboksi yalipandiana mpaka juu, na kila boksi lilikuwa linalia. Cheche alisimama mlangoni na ovaroli lake la kazini, mikono ameikunja, shingo imeshaanza kupata moto. Bibi yake hakuwa anachagua kifaranga pale. Alikuwa anamfanyia usaili.

"Huyu miguu baridi," Bibi anasema, anamrudisha. "Huyu kalowa nyuma, anaharisha. Lete mwingine."

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kazi yote ilifanywa na vidole. Vinapita kichwani, vinashuka shingoni, vinapima miguu, vinarudi tena kichwani pale upanga wa jogoo unapoota.

Na alikuwa na sababu ya kuchelewa. Mwewe alikuwa amembebea mtetea mmoja, akabaki mwingine anazunguka ua peke yake, hali chakula vizuri, hatagi. "Kuku mmoja si kuku," Bibi alisema, "ni mfungwa." Lakini mwenye nyumba naye alishatoa amri yake, tena kwa sauti ya kusikika mpaka chooni: majike fuga upendavyo, ila siku nikisikia jogoo anawika hapa navunja banda. Kwa hiyo walitaka jike, jike la uhakika.

"Bibi," muuza vifaranga akasema, "hao si nyanya. Ukiminya akafa, umenunua."

"Ongea na mtu mzima vizuri," Cheche akasema.

"Nimemtukana? Nasema ukweli. Macho yenyewe hayaoni, sasa anachagua nini? Mimi nimpe wowote aende, wateja wengine wanasubiri."

Jina la Cheche hakupewa bure. Kwanza kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, cheche zinaruka kutwa nzima. Pili, yeye mwenyewe akiguswa kidogo tu anawaka. Na kabla ya vyuma alifanya kazi nyingine, humuhumu sokoni, ofisi yake ikiwa mifuko ya watu. Fundi Mkuu wa uchomeleaji alipomchukua alimpa sharti moja tu: "Siku nikisikia neno mwizi na jina lako vimetoka kinywa kimoja, usirudi hapa hata kuchukua miwani yako." Tangu siku hiyo Cheche akiona pochi imeanguka anavuka barabara.

Bibi akatoa kifaranga mwekundu, mkubwa kidogo, manyoya yameshaota mabawani. Vidole vikapita kichwani, vikasimama. Vikashuka miguuni. Uso ukabadilika. Akamnyooshea Cheche yule kifaranga, akasema kwa sauti ya chini, hata midomo haikufunguka sawasawa:

"Pora huyu. Pora kabisa."

Cheche akaduwaa. Bibi? Bibi huyu aliyemlia machozi aache wizi, leo anamwambia apore? Halafu akamtazama muuzaji, amewapa mgongo anahesabu boksi lingine huku bado anabwata kuhusu vipofu sokoni, akaelewa. Kumbe Bibi kafika mwisho. Mtu mzima kadhalilishwa, kaamua kulipiza. Na kama Bibi kaamua, yeye ni nani? Akili ilimwambia ngoja, miguu ikawa imeshatoka.

Alimsunda kifaranga kifuani ndani ya ovaroli na kupotea kati ya matoroli. Nyuma yake akasikia lile neno ambalo mwili haulisahau. Mwizi. Mara ya kwanza sauti moja, mara ya pili sauti nyingi. Akapita nyuma ya bucha, akaruka mfereji, akakata kona ya kinyozi bila kuangalia nyuma, kwa sababu anayeangalia nyuma anakumbukwa sura.

Alifika chumbani, akafunga komeo, akakaa chini mgongo kwenye mlango. Kifaranga alikuwa anamkwaruza tumbo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba amemwacha Bibi kulekule, katikati ya watu wenye hasira, na haoni.

Alisimama atoke. Akakaa. Akitoka wanamwona. Akasimama tena. Alikuwa ameshashika komeo aliposikia kiganja kinapapasa ukuta wa nje, taratibu, kikitafuta mlango.

Bibi aliingia jasho likimtiririka, kiatu kimoja hana.

"Wamekugusa?" Cheche akauliza.

"Wamenivuta nguo. Wananiuliza kijana yule ni nani, anakaa wapi. Nikawaambia mimi sioni." Alikaa kitandani, akavuta pumzi. "Sasa niambie wewe mwenye macho. Nani alikutuma kukimbia?"

"Si wewe? Umesema pora huyu."

Bibi akageuza uso kule kifaranga alikolia, ndani ya ovaroli.

"Cheche. Pora ni jogoo mchanga. Bado hajawika, bado hajajijua. Mtetea mchanga anaitwa tembe, jogoo mchanga ni pora. Nilisema huyu ni pora, nikakupa umrudishe boksini."

"Mimi nimelijua wapi hilo neno? Mimi pora naijua moja tu."

"Ningetaka umwibe ningesema mpore. Hata wizi una sarufi yake, mume wangu." Alimwita mume wangu kama siku zote anapomtania, ila safari hii hakuna aliyecheka. "Inuka. Tunamrudisha."

"Bibi, wataniua."

"Wanaweza," Bibi akasema. "Lakini usipokwenda, kesho watakufuata kwenye kazi yako. Nishike mkono. Mtu aliyeshikwa na bibi yake hapigwi upesi."

Walirudi kwa njia kubwa, Bibi alikataa vichochoro. Mkono mmoja Cheche amemshika Bibi, mwingine amembeba kifaranga mbele yake, wazi, kila mtu amwone. Kwenye kona ya kinyozi mtu mmoja akaacha kunyolewa nusu kichwa, akawafuata. Kwenye bucha wakaongezeka. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Watu wa pale wakinyamaza wanakuwa wameshaamua.

Muuza vifaranga alimwona kwa mbali. Walipofika alimshika Cheche kola.

"Jamani, amekuja kwa miguu yake," akawaambia watu. "Mungu akupe nini tena?"

"Chukua mali yako," Cheche akasema. Sauti ilitaka kupanda, akaibana. Kumwacha mtu akushike kola na mikono yako iko huru, hiyo kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchomelea geti. "Nimekosea. Nilisikia vibaya."

"Ulisikia vibaya nini? Kifaranga alikuambia nibebe?"

Kicheko kikapita, cha ubaya. Bibi akaeleza. Pora, jogoo mchanga, nilimpa arudishe. Wakamsikiliza mpaka mwisho kisha yule aliyenyolewa nusu akasema, "Neno hilo mmelitunga njiani."

"Mimi nauza kuku miaka yote," muuzaji akasema, "sijawahi kulisikia. Mnatuona watoto?"

Mtu wa nyuma alikuwa ameshaokota ubao. Na katikati ya vichwa Cheche akaona kichwa kimoja anachokijua, chenye miwani ya kuchomelea imepandishwa juu ya paji. Fundi Mkuu. Amesimama tu, mikono mifukoni, anasikiliza. Ubao Cheche aliweza kuuvumilia, macho yale hapana.

Muuzaji alikuwa mwenye mdomo lakini hakuwa mtu wa damu. Aliutazama ule ubao, akamtazama Bibi na mguu wake mmoja usio na kiatu. Akageuza shingo kwa mama wa mkaa, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapanga mafungu yake na hakuwa amejishughulisha na mtu.

"Mama," akamwita, "pora ni nini?"

Watu wote wakageuka. Mama wa mkaa hata kichwa hakuinua.

"Pora wa kuku?" akasema. "Jogoo ambaye hajaanza kuwika. Kwani mmekosa kazi leo?"

Halafu mtu mmoja akacheka, cheko la kweli, likaenda likiambukiza. "Bibi kasema pora, mtoto kapora," mmoja akasema, na wengine wakaanza kulirudia wakiondoka. Ubao ukawekwa chini. Aliyenyolewa nusu akakumbuka kichwa chake.

Muuzaji akaachia kola, lakini hakucheka. "Sawa, neno lipo. Ila zile mbio, kijana, si za mtu anayejifunza."

Fundi Mkuu alikuwa ameshafika mbele.

"Nina swali moja," akasema, polepole kama anayepima chuma kabla ya kukata. "Ulipodhani bibi yako amekutuma uibe, mbona hukumkatalia?"

Cheche alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya haraka, ya matusi hata, yote yalikuwa pale mlangoni mwa ulimi. Akayaacha.

"Ilikuwa rahisi," akasema. "Nilifurahi kutumwa, fundi."

Bibi akauachia mkono wake. Kisha akaushika tena, kwa nguvu zaidi.

Fundi Mkuu alimtazama, akayatazama maboksi ya karatasi yasiyofungika vizuri. "Huyu bwana hana kizimba," akasema. "Utamtengenezea kimoja, cha wavu, chenye mlango wa kufuli. Leo. Hapahapa, watu wakikuona. Vyuma ni vyangu, jasho ni lako. Ukimaliza ndipo tutaongea habari za kesho. Sasa hivi sikuahidi kitu."

"Na kufuli liwe gumu," muuzaji akadakia. "Nimeshajua wanavyokimbia."

Cheche alikwenda kuleta mashine. Aliporudi anaburuta waya, Bibi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono yote imezama ndani ya boksi, na muuzaji amechuchumaa pembeni yake anampokeza mmoja mmoja.

"Huyu je, Bibi?"

"Pora."

"Na huyu?"

"Ngoja," Bibi akasema. "Usinisemeshe."

Cheche akashusha miwani, akainama juu ya chuma cha kwanza. Fundi Mkuu hakuwa ameondoka. Alisimama nyuma yake, anaangalia mikono.